Uzoefu wangu na mafunzo ya walimu wa Sayansi shule za msingi: ya hotelini, ya kwenye simu na ya MEWAKA

Walimu wenzangu mnaofundisha Sayansi shule za msingi, kila mwaka barua ya kuita watu kwenye mafunzo inakuja na kila mwaka ofisini tunabishana yale yale, hii ina faida au tunaenda kula wali kuku na kurudi. Mimi nimepita karibu aina zote, za hotelini, za kwenye simu na haya ya shuleni tunayojifunza tukiwa kazini, MEWAKA, na kwa kuwa naona wengi tunayapima kwa posho na ukumbi, nimeamua niandike yangu, sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nafundisha Singida vijijini, darasa la tatu mpaka la tano, watoto ni wengi kuliko madawati, ili mjue nazungumzia mazingira gani.

Tuanze na ya hotelini. Mradi wenyewe siutaji. Siku ya kwanza mnajua ilivyo, utambulisho, kuchagua mwenyekiti na mtunza muda, kuandika matarajio kwenye bango kitita, burudisho, saa nne chai. Siyo mbaya, unafahamiana na walimu wa kata za mbali na mnabadilishana namba. Ila mada kubwa ilikuwa mbinu shirikishi kwenye ufundishaji wa Sayansi, na hiyo mada ikafundishwa kwa slaidi, mwezeshaji anasoma sisi tunanakili, kuanzia chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Mbinu shirikishi kwa mhadhara! Hakuna aliyecheka.

Jioni ndo likaja jaribio moja, lile la mshumaa. Mnalijua, unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika na glasi, mshumaa unazimika na maji yanapanda ndani ya glasi. Mwezeshaji akatuambia tuandike kwamba maji yamepanda kuchukua nafasi ya oksijeni iliyoungua, na kwa sababu oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa ndo maana maji yamefika karibu sehemu moja ya tano ya glasi. Watu wakaandika. Dada mmoja pale mbele akauliza, je tukiweka mishumaa mitatu kwenye glasi ile ile? Akaambiwa twende na muda.

Sasa swali la yule dada ndo lilikuwa semina yenyewe aisee. Nilivyorudi nyumbani nikaliweka mezani na watoto wangu, mshumaa mmoja maji yakapanda kidogo, mitatu yakapanda zaidi, na glasi ni ile ile, oksijeni iliyomo ni ile ile. Kama ni oksijeni tu imeliwa, haya maji ya ziada yametoka wapi? Afu angalia vizuri yanapanda saa ngapi, moto ukiwa unawaka yanatulia tu, yanaruka pale mshumaa unapozimika. Na ukifunika haraka utaona mapovu yanatoka pembeni mwanzoni. Ni joto bana. Hewa ya ndani imepashwa moto ikatanuka, nyingine ikatoka, moto ukizima iliyobaki inapoa na kusinyaa, presha ya hewa ya nje inayasukuma maji ndani. Oksijeni inatumika kweli, ila haiishi yote, mshumaa unazimika mapema kabla haijaisha, na kaboni daioksaidi nayo inazalishwa hapo hapo. Kwa hiyo walimu wote wa ule ukumbi tumerudi kwenye madarasa yetu na maelezo ambayo mtoto wa darasa la nne akiwa na mishumaa mitatu anayabomoa.

Siku ya mwisho ikaja fomu ya tathmini. Ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mwezeshaji alikuwaje, weka tiki moja hadi tano. Fomu unaijaza huku foleni ya kusaini posho iko pembeni yako na gari la mwisho la kurudi kijijini linaondoka saa kumi, nani ataweka mbili? Tano, tano, tano, saini, nauli, kwaheri. Na hizo tano ndo zinaandikwa kwenye ripoti kwamba mafunzo yamefanikiwa. Tangu hapo hakuna mtu aliyekuja kuangalia nafundishaje.

Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Thomas Guskey, mwaka 2000 alieleza kwamba mafunzo ya walimu yapimwe kwa ngazi tano. Kwanza walimu wameyapokeaje, pili wamejifunza nini, tatu shule na wakubwa wake wamewawezesha kuyatumia au la, nne wanayatumia kweli darasani, tano wanafunzi wamepata nini. Na anasema ukipanga anzia ya tano urudi nyuma, yaani jiulize kwanza mtoto ajue nini ndo uje kwenye semina. Tangu nisome hiyo kila fomu nikiiona najua iko ngazi ya kwanza, na kwenye ngazi ya kwanza inaangalia zaidi kuku.

Ya kwenye simu nitaipitia haraka. TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wana mfumo wao wa kujifunzia mtandaoni, na kuna kozi za mashirika mbalimbali pia, niliyosoma mimi ilikuwa ya shirika, jina nabaki nalo. Uzuri wake unarudia usichoelewa usiku ukiwa umetulia, hakuna wa kukuona umeuliza swali la kijinga, na video ya sumaku ilikuwa safi kuliko maelezo yoyote niliyowahi kupewa ana kwa ana. Ubaya, video zinakula bando ambalo hakuna anayekurudishia, mtandao huku kwetu mpaka usogee karibu na mnara, na maswali ya mwisho ni ya kuchagua jibu, ukikosea unarudia mara nyingi utakavyo mpaka upate, kwa hiyo cheti nimekipata mimi na amekipata pia jirani yangu aliyekuwa anabonyeza tu huku anaangalia mpira. Majaribio ya vitendo hakuna. Inafaa kwa kujua maudhui, kwa kujua kufundisha bado.

Sasa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kwa msioko kwenye ualimu, huu ni utaratibu ambao walimu wanajifunza wakiwa kazini, wanakutana shuleni kwao, wakati mwingine kwenye kituo cha walimu cha kata, wanachagua tatizo linalowasumbua darasani wanalifanyia kazi wenyewe kwa wenyewe. Hamna hoteli, posho hamna, na kusema ukweli mwanzoni walimu wengi tulinuna kwa sababu hiyo hiyo.

Kikao kilichonibadilisha mawazo kilikuwa cha umeme. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 tulijikuta tunapanga upya maandalio mengi, na umeme ni mada ambayo kila mtu anaikwepa, anachora saketi ubaoni watoto wanakopi, imeisha hiyo. Mwenzetu mmoja, kijana mdogo tu, akaleta betri za redio, vipande vya waya na balbu za tochi, akasema kila wawili mchukue betri moja, waya mmoja, balbu moja, iwasheni. Waya mmoja tu. Aisee! Watu wenye diploma zao wanazungusha waya, wanagusisha kitako cha balbu kwenye ncha ya betri afu waya unaning'inia, haiwaki. Mwalimu wa taaluma akasema betri zimekufa. Betri nzima kabisa. Ilichukua muda mpaka mtu mmoja akagundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, kile kitako cha chini na lile bati la pembeni lenye ringi, na umeme lazima uingie huku utokee kule mpaka urudi kwenye betri. Kitako kwenye ncha ya juu ya betri, waya kutoka chini ya betri mpaka kwenye bati la pembeni, ikawaka. Mama mmoja anayekaribia kustaafu alipiga kelele mpaka watoto wakaja dirishani.

Tukajiuliza kwa nini mchoro wa saketi tunaufundisha kila mwaka na balbu imetushinda. Jibu ni kwamba kwenye mchoro balbu ni duara lenye msalaba, haionyeshi umeme unapita wapi ndani. Kwa hiyo mtoto anayechora saketi sahihi anaweza kuwa hajui kitu, na mwalimu wake pia.

Wiki iliyofuata nikaingia darasani na mwenzangu akakaa nyuma na daftari, baadaye nami nikakaa kwake. Hapo ndo utamu ulipo. Kabla ya somo tuliwaambia watoto wachore jinsi ya kuwasha balbu kwa betri na waya, wengi wakachora waya mmoja unatoka kwenye betri unaingia kwenye balbu, basi. Baada ya somo wakachora tena, na ukiziweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni huhitaji ripoti ya mtu. Siyo wote waliobadilika, kuna waliobaki na waya wao mmoja, lakini angalau nimewajua ni akina nani.

Shida ya vifaa ikatukuta, maana tochi za siku hizi ni LED tupu, balbu za zamani za kioo madukani hamna. Mwongozo unasema balbu ya tochi, dukani wanakupa LED. Zile za kioo tukazibandua kwenye tochi mbovu. Ukiamua kutumia LED, nayo ina masharti yake, mguu mrefu uende upande chanya ukigeuza haiwaki, na ile nyeupe betri moja ya volti 1.5 haitoshi, unaunga mbili. Haya hakuna semina ya hotelini iliyowahi kuniambia, kule zana za kufaragua, yaani za kujitengenezea kwa vitu vilivyopo, ni slaidi yenye picha ya makopo.

Rafiki yangu anayefundisha Kenya akaniambia kwao mafunzo ya walimu walioko kazini si kitu kigeni, walianza SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi, mwaka 1998 wakisaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani, kwanza sekondari baadaye ikafika na msingi, na walikuwa na mzunguko wao wa panga, fanya, angalia, boresha. Hiyo boresha ndo semina zetu nyingi hazifiki, zinaishia kwenye fanya, nyingine hata fanya hamna.

Haina maana ya shuleni haina kasoro. Shida nyingine haiko kwenye mpango, iko kwetu. Mwalimu mkuu akiwa hajali, kikao kinageuka cha michango na mahafali. Na mada ikiwa ngumu na hakuna anayeijua shuleni, ni kipofu anamwongoza kipofu, ule mshumaa tungeweza kuujadili mwaka mzima na jibu la asilimia 21 likabaki pale pale. Hapo ndo mtaalamu anatakiwa, ila aje yeye shuleni na betri mkononi.

Alama zangu: ya hotelini 3 kati ya 10, na mbili kati ya hizo ni za yule dada aliyeuliza swali. Ya simu 5. Ya shuleni 7, ingepata 8 kama ingekuwa na ratiba isiyovunjwa kila kukiwa na ugeni wa wilaya. Ukiitwa kwenye mafunzo, kabla hujafurahia posho muulize mratibu maswali mawili, mwezeshaji atakuja darasani kwangu lini, na watoto watapimwa vipi. Akianza kukwambia habari za ukumbi ushajua.

Halafu kama kuna mwalimu anajua duka Dodoma au Dar linalouza zile balbu za tochi za kioo kwa jumla naomba aniambie bei, tochi mbovu za kijijini kwetu zimeisha.