Magofu ya Gede na mikoko ya Mida kwa siku moja: maoni ya fundi mwashi wa Malindi

Mimi ni mwashi. Nimejenga mji huu tangu nilipokuwa mwanagenzi wa marehemu ami yangu, na mkate wangu unatokana na mawe ya timbo, chokaa na saruji. Haya ni maoni ya mtu anayetazama ukuta kwanza, mandhari baadaye. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Matatu inakushusha njia panda, na kutoka hapo ni bodaboda au miguu yako. Nilikwenda na mama watoto pamoja na vijana wawili ninaowafundisha kazi.

Usafiri kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapoharibiwa siku yao. Tuliulizia kampuni moja ya utalii hapa mjini. Safari yao ya siku nzima ilikuwa na pwani, chakula cha mchana na duka la vinyago, kisha Gede wakaipa nusu saa. Nusu saa haitoshi hata kulizunguka Kasri, nyumba kubwa ya mtawala. Tukapanda matatu, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo. Viingilio vya raia ni nafuu kuliko vya wageni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Mlangoni chukua mwongoza wageni, na umwombe mapema azungumze Kiswahili. Wetu alikuwa kijana wa Kigiriama, mzaliwa wa hapo hapo. Aliponiona napapasa ukuta akauliza, "Mzee, wewe ni fundi?" Nikamjibu ndiyo. "Basi njoo nikuonyeshe milango," akasema, na kuanzia hapo ziara ikawa yetu.

Milango hiyo ndiyo iliyonilipa nauli yangu yote. Kuta zenyewe ni za mawe magumu ya pwani yaliyojazwa udongo na chokaa, kila jiwe na umbo lake, na juu yake lipu. Lakini miimo, yaani nguzo za pembeni, na matao ya milango ni ya tumbawe laini, lile linalotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Nilipitisha kidole kwenye pembe ya mwimo mmoja wa Kasri: bado kali, na mstari wake umenyooka. Mmoja wa vijana wangu akatoa timazi, uzi wenye uzito wa kupimia unyofu, mfukoni akaishikilia pale, bila kugusa ukuta. Hakuna aliyesema kitu. Huyu ni kijana ambaye wiki ile ile nilimbomolesha nguzo kwa kupinda.

Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko hauvuki upana mkubwa ukiwa umebeba dari ya mawe na chokaa juu yake. Ukiingia nyumba kongwe za Lamu utakuta vyumba vya namna hiyo hiyo. Mama watoto yeye alivutiwa na vyoo: shimo, na pembeni mahali pa kujitawadha, ndani ya nyumba, karne nyingi kabla ya bomba. Kuna pia ghala zisizo na mlango wa kawaida. Unaingia kwa tundu lililo juu ukutani, ili mwizi asipate njia nyepesi.

Nyumba nyingi zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Fedha za Kichina. Aliyeongoza uchimbaji mkubwa ni mwanaakiolojia James Kirkman, kuanzia 1948 hadi miaka kumi baadaye. Kaburi moja lina tarehe yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kwa fundi hilo ni jambo la kusimama nalo: mtu alikwaruza tarakimu kwenye lipu, na lipu ikaishika kwa zaidi ya miaka 600.

Hapa naomba niwaseme wenzangu kidogo, hasa tunaorekebisha nyumba za mawe mjini. Tunazipiga saruji kwa sababu inakauka upesi na mwenye nyumba ana haraka. Saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe la tumbawe, chumvi inasukuma nje, na baada ya muda lipu inabanduka ikiwa imeshika uso wa jiwe. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Wanafunzi wote wa ufundi wa pwani hii wangepelekwa Gede wakaone chokaa inavyozeeka.

Sasa msitu. Ukuta na mti hapa huwezi kuvitazama mbali mbali. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na miti ikaingia sebuleni. Utakuta mikuyu imekalia kuta, mizizi imeshuka mpaka chini, na pengine ukuta umesimama kwa sababu mzizi umeukumbatia, pengine umepasuka kwa sababu hiyo hiyo. Mwongoza wageni wetu alieleza vizuri kwamba kuondoa mti ni uamuzi mzito: ukiukata, mzizi unaooza unaacha uwazi ndani ya ukuta. Juu kuna kima na hondohondo, na chini kwenye majani makavu ukikaa kimya unaweza kumwona sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu jirani wa Arabuko-Sokoke. Sisi tulimsikia akipiga majani kwa mkia, kisha tukaona manjano ikipita. Jambo lililoniudhi ni kundi la wageni waliokuwa wakiwapa kima ndizi. Kima akizoea mkono wa mtu atampora mtoto kesho. Tafadhali msifanye hivyo.

Kwa nini watu walihama? Tuliambiwa habari za uvamizi kutoka bara, na habari za maji. Ya maji niliiamini nilipochungulia kisima cha Msikiti Mkuu, ambacho kina dalili za kuchimbwa zaidi kufuata maji yaliyokuwa yakishuka. Na ajabu nyingine: Wareno walikaa Malindi miaka mingi baada ya Vasco da Gama kutia nanga 1498, lakini katika maandishi yao Gede haitajwi. Gede iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, na naona ilichelewa.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo vya msituni na kuviuza nje vikiwa bado kwenye vifuko vyao. Pita, hata kwa muda mfupi. Ni mfano mzuri wa msitu kumlisha mtu bila kukatwa.

Na ukitoka hapo usirudi nyumbani. Nenda Mida, hori ya bahari yenye mikoko, ni karibu. Kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na ada ya kulipita inasaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, chini ya mpango wa karo uitwao ASSETS, wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Daraja linayumba, mama watoto hakulipenda, lakini alifika mwisho. Vijana wangu wanajua boriti za dukani tu, zilizokwisha pimwa na kufungwa mafungu. Pale waliziona zikiwa hai: mkoko kwa mizizi yake ya magongo, mkandaa, muia, mchu. Nikawaambia wazitazame vizuri, maana dari za Gede zilitoka kwenye miti ya namna hii, na mawe ya milango yakatoka baharini. Asubuhi umeiona nyumba, jioni unaona ilikotoka. Ndiyo maana nasema ziara hizi mbili ziuzwe pamoja, na anayekuuzia Gede peke yake amekupa nusu.

Kwa atakayekwenda: fika Gede asubuhi kabla ya jua kali, vaa viatu vya kufunika vidole, jipake dawa ya mbu, beba maji yako. Mida uliza kwanza saa za kujaa na kupwa, kwa sababu ndege wanakula wakati maji yanatoka na matope yako wazi. Mwongoza wageni mpe bakshishi yake mkononi, na kama una kazi ya mikono, mwambie mapema ni kazi gani.