Redio ya kunasa AM za mbali usiku: achana na antena ya kung'aa

Mwezi uliopita niliacha shilingi 65,000 Kariakoo kwa redio ambayo usiku wa manane hainasi kitu ila mlio wa taa ya jirani. Muuzaji aliivuta antena mpaka ikataka kunitoboa jicho: "Dada, hii inashika dunia nzima." Nikaamini, mtu mzima mimi.

Antena ile ni ya FM na masafa mafupi. AM, yaani masafa ya kati, hunaswa na kijiti cheusi cha feraiti (kauri yenye usumaku) kilichozungushiwa waya wa shaba, kimelala ndani, hukioni. Nilipoifungua yangu nikakuta kijiti kama kidole changu cha mwisho. Hata jua lizame, lile tabaka la anga linalomeza mawimbi mchana litoweke, stesheni za ng'ambo zimiminike juu ya Magomeni, kijiti hicho kitaokota nini?

Basi kabla ya bei, washa AM, tafuta stesheni yoyote hata hafifu, kisha igeuze redio taratibu kama unageuza sahani mezani. Kijiti kikifanya kazi, sauti itafifia, halafu itarudi. Isipobadilika, rudisha. Muuzaji atanuna, anune.

Ya kwanza kwangu ni Tecsun PL-660, na upendeleo siufichi. Ni pana, kijiti kina nafasi, unachagua hatua za kilohezi 9 kati ya stesheni na stesheni zinazotumika huku badala ya 10 za Marekani, na inakula betri nne za kawaida. Betri, nasema, si chaja. Chaja yenyewe inaunguruma redioni. Ya pili ni mdogo wake, PL-330: inatumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia za tochi. Sony ICF-SW7600GR haitengenezwi tena. Ukiipata iliyotumika, igeuze kwanza. Zile za flashi na taa za rangi ni za taarabu jikoni.

Kinachoniudhi ni kwamba ukitaja AM dukani unachekwa, "hiyo ya wazee," kisha ukiulizia Tecsun bei inapaa kama ya ujana.

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima. Nikatoka barazani na PL-660 ya mjomba, niliyoazima na sijarudisha. Chaja zote kimya, taa zote kimya, na Mwarabu mmoja anasoma habari kana kwamba amekaa mkekani. Saa saba kasoro umeme ukarudi, akamezwa.