Taliesin West, Arizona: nyumba ya jangwani kwa jicho la fundi zege

Kama unaishi Phoenix, au unapita Arizona na una kiwanja kwenu unachokipigia hesabu, tenga asubuhi moja uende Taliesin West. Mimi riziki yangu ni zege. Nimelimwaga Dodoma, sasa nalimwaga huku, na kilichonipeleka pale ni mdogo wangu. Ana kiwanja nje kidogo ya Dodoma mjini na anataka nyumba ya kisasa: paa la kuficha, kuta nyeupe, vioo vya alumini kutoka sakafuni hadi darini. Kila akinitumia picha namjibu kwamba hiyo ni nyumba ya mtu ambaye bili ya umeme analipiwa na wengine.

Kwa asiyeijua, Taliesin West iko Scottsdale, chini ya milima ya McDowell. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alianza kuijenga mwaka 1937, akiwa na miaka 70, iwe makazi yake na ofisi yake wakati wa baridi, kwa sababu kwao Wisconsin baridi si ya mchezo. Alikuja na mkewe Olgivanna na kundi la wanafunzi, na wanafunzi hao ndio walikuwa mafundi, ndio walikuwa saidia fundi. Wakati kazi inaendelea walilala kwenye mahema. Aliendelea kuibadilisha karibu kila msimu mpaka alipofariki 1959. Mwaka 2019 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na majengo yake mengine saba.

Ukifika, anza na ukuta. Hapo ndipo hela ya kiingilio inaporudi. Walikuwa wanafunga mbao pande mbili kama tunavyofunga sisi, ila kabla ya zege walipanga ndani mawe makubwa ya hapo hapo jangwani, kila jiwe uso wake bapa ukiegemea ubao. Katikati wakajaza saruji, mchanga wa hapo hapo na mawe madogo. Ili uji wa saruji usipite mbele na kuufunika uso wa jiwe, walichomeka magazeti yaliyokunjwakunjwa kati ya jiwe na ubao. Mbao zikitolewa, jiwe linabaki wazi, jekundu, la zambarau au la kijivu, na zege limelizunguka. Ukuta wenyewe haujasimama wima. Umelala nyuzi kama 15, chini mnene, juu unapungua, unafuata mteremko wa mlima ulio nyuma yake.

Niliinama nikausogelea. Alama za ubao zipo bado, na kuna mahali zege halikushuka sawasawa, limeacha matundu ya kuingiza kidole. Kwenye saiti yoyote ninayofanya kazi sasa ningeambiwa vunja. Pale hakuna plasta iliyopitishwa juu wala rangi, na ukuta umemaliza zaidi ya miaka 80. Nilimpigia mdogo wangu picha ya matundu hayo kabla hata sijapiga ya jengo zima.

Siku hizi ukisoma kuhusu nyumba "isiyoisumbua ardhi" utaonyeshwa boksi la kioo juu ya nguzo nyembamba za chuma. Hii ya Wright ni nzito ajabu, na bado sijaona nyumba inayolisumbua jangwa kidogo namna hii. Vitu vizito havikusafirishwa kutoka mbali. Majengo yameshikamana na ardhi, marefu ya kwenda pembeni, hakuna ghorofa la kujionyesha. Mikaktasi mirefu ya saguaro na vichaka vya miiba vinakaribia mpaka kwenye kuta; hakuna aliyesawazisha eneo lote kwa greda kisha akapanda majani ya kumwagilia. Watu wa Dodoma tutaelewa haraka, maana tembe la Mgogo limekaa hivyo hivyo: fupi, la udongo wa pale pale, ukiwa mbali huwezi kujua kilima kimeishia wapi.

Paa ndilo lililonishangaza zaidi. Juu ya kuta hizo nzito waliweka boriti za mbao za redwood na kati yake wakatandika turubai jeupe. Turubai, ndugu zangu! Mwanga wa jua ulipenya ukawa laini, wanafunzi wakachora mchana kutwa bila taa, na ukitaka upepo unakunja pembe unafungua. Vioo havikuwepo miaka ya mwanzo, vilikuja baadaye. Turubai kwenye jua la Arizona halidumu, kwa hiyo sasa utakuta plastiki na faibaglasi zinazopitisha mwanga wa namna ile ile. Kaa kidogo kwenye chumba cha kuchorea uangalie daftari lako: hakuna kivuli kikali hata kimoja juu ya karatasi.

Kuingia sebuleni, wao wanaita Garden Room, unapita mahali pa chini mpaka mtu mrefu anainamisha kichwa bila kuambiwa, halafu chumba kinafunguka. Ujanja wa zamani, lakini unafanya kazi. Na tafuta kioo kilichokatwa tundu ili chungu kipite. Chungu kilikuwa kimekaa kwenye rafu, kioo kilipokuja kufungwa kikagonga, na badala ya kusogeza chungu wakakata kioo. Mimi ningesogeza chungu.

Sasa yasiyonipendeza. Kwanza, usidanganyike kwamba hii ni nyumba ya jangwani ya mwaka mzima. Wright na watu wake joto likianza walikuwa wanafunga virago kurudi Wisconsin. Sisi tunaoishi huku tunaijua Julai. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikifika nyuzijoto 43 au zaidi. Ukuta wa jiwe na zege unanyonya joto mchana na kulitoa usiku. Januari hiyo ni neema, lakini usiku wa Julai ambao wenyewe haupoi unakuwa umelala na jiko. Ukitaka kuishi huku kiangazi kwenye nyumba kama hiyo, kiyoyozi lazima.

Pili, mawe yenye michoro. Watu wa kale wa eneo hili, ambao wataalamu wanawaita Hohokam, waliacha michoro iliyochongwa kwenye mawe ya mlimani, na Wright alihamisha baadhi akayaweka kwenye njia na viwanja vya nyumba yake. Yanapendeza, sikatai. Lakini mtu anayehubiri kuheshimu ardhi angeyaacha yalipokuwa.

Tatu si kosa la nyumba. Miaka ya 1940 nguzo za umeme zilipitishwa mbele ya mandhari yake, akapiga kelele mpaka kwa Rais Truman, hakusikilizwa. Nyaya zipo mpaka leo, na Scottsdale imejaa bonde lote kwa mapaa ya vigae. Simama kwenye kibaraza utazame kusini, utaelewa kwa nini mzee alikasirika.

Kuhusu kutembelea: kata tiketi mtandaoni kabla, usiende ukitegemea kukata mlangoni, hasa Februari na Machi. Kuna ya kusikiliza maelezo kwenye hedifoni na kuna ya kuongozwa na mtu. Kama wewe ni fundi chukua ya mtu, utauliza maswali. Chukua zamu ya kwanza ya asubuhi, wakati jua limelala na mawe yanatoa rangi zote. Sakafu na ngazi za nje hazilingani, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aje na fimbo. Duka lao lina vitu vizuri kwa bei ya kukuacha mdomo wazi. Nimewapa nyota nne kati ya tano.

Kwa mdogo wangu nimeshaandika orodha. Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku unapoa, kwa hiyo ukuta mnene wa jiwe utamfaa yeye kuliko unavyotufaa sisi wa bondeni huku. Mawe anayo, kiwanja chake kimejaa, na anataka kuwalipa watu wayavunje yatoke! Madirisha ayaelekeze kaskazini na kusini, upande wa magharibi azibe kabisa, paa litoke nje ya ukuta hatua nzima badala ya kufichwa. Turubai nimemkataza, mvua ya Desemba haina utani. Amejibu kwamba ukuta bila plasta majirani watasema hela imemwishia.