Pweza wa kumi kwa kumi, jina la kukimbiza wateja

Chakula ni kumi kwa kumi. Jina? Sifuri.

Mgahawa wenyewe uko Mtwara mjini, barabara ya kuelekea Mikindani. Ubaoni kumeandikwa kwa rangi nyekundu: TUMBO JOTO. Fundi wa maandishi naye hakubaki nyuma. Kachora jamaa kajishika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kitovuni moshi unafuka. Chini yake mshale: CHOO. Ukipita haraka utadhani tangazo la zahanati, hasa kwa vile mlango unaofuata ni duka la dawa.

Rafiki yangu wa Masasi aligoma kushuka kwenye bajaji. "Mimi kesho nina safari, bwana." Sikumlaumu.

Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, mcheshi sana. Nikampa shikamoo yake, nikauliza jina lilitoka wapi.

"Mwanangu, hapa chakula hakiji kimepoa. Ukila, tumbo linapata joto. Kwani we ulifikiria nini?"

Nikasema sikufikiria kitu.

Na kweli hakiji kimepoa. Pweza wa nazi analainika mpaka kwenye ncha, mchuzi mzito wa tui la kwanza, si yale maji meupe tunayouziwa kwingine. Pilipili inawekwa kando kwenye kisosi pamoja na ndimu, wali punje hazishikani. Elfu sita tu. Ukiwahi mchana unaletewa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, utafune wakati unasubiri. Maji ya kunawa ndiyo yanachelewa.

Kinachoniuma ni kwamba mapishi haya yanapitwa na wageni kwa sababu ya ubao. Hapo mbele tu Mikindani, Old Boma hawakusumbua akili: jengo ni boma la Wajerumani la mwaka 1895, limegeuzwa hoteli, jina likabaki la boma. Mgeni anajua anakwenda wapi.

Bodaboda hawalitumii kabisa jina la ubaoni. Sema "kwa mama pweza", utafikishwa. Lipa namba nayo ina jina lake la tatu: ukituma hela, ujumbe unakuambia umelipa duka la spea za pikipiki, ambalo ni la mumewe. Kwa hiyo kama unakula kwa hela ya ofisi, dai risiti ya mkono kabla hujaondoka. Mhasibu wetu mpaka leo ananiuliza ni pikipiki ipi.