Ziara ya Usiku Budapest: Kilichostahili Fedha na Kisichostahili

Ziara ya usiku niliyoinunua Budapest ilikuwa na sehemu tatu: matembezi ya jioni kwenye kilima cha kasri upande wa Buda, saa moja ya boti katika Mto Danube, na mzunguko wa baa za magofu, yaani baa zilizofunguliwa ndani ya majumba chakavu, upande wa Pest. Sehemu ya kwanza ilistahili kila forinti. Hizo mbili nyingine nililazimika kuzirudia mwenyewe kesho yake, kwa gharama ndogo, ndipo nikaziona.

Mwongoza watalii wetu aliijua kazi yake. Alitufikisha kwenye Boma la Wavuvi kabla ya jua kuzama, akatueleza kwamba minara ile saba huwakumbusha Wahungaria viongozi saba wa makabila ya mababu zao, na kwamba boma lenyewe halikukusudiwa kwa vita, kwa kuwa lilijengwa kati ya 1895 na 1902 liwe roshani ya kutazamia mji. Ng'ambo ya mto lilisimama jengo la Bunge, ambalo kuba lake lina urefu wa mita 96, sawasawa na Basilika la Mtakatifu Stefano, kwa heshima ya mwaka 896 unaohesabiwa kuwa ndio Wahungaria walioingia katika nchi hiyo. Taa za Bunge zilipowashwa, naye alinyamaza. Si waongoza watalii wengi wanaojua kunyamaza.

Tuliteremka hadi Daraja la Minyororo, la kwanza la kudumu kuziunganisha Buda na Pest, lililofunguliwa mwaka 1849, miaka 24 kabla ya miji hiyo na Óbuda kuwa mji mmoja. Jeshi la Ujerumani lilililipua mwaka 1945 lilipokuwa likirudi nyuma, na wenyeji wakalifungua upya mwaka 1949, karne moja kamili baada ya ufunguzi wa kwanza. Kuna masimulizi kwamba simba wake wa mawe hawana ndimi. Nilichungulia mpaka shingo ikauma bila kuona kitu, ingawa inasemekana ndimi zimo, ila aliye chini hawezi kuziona.

Mambo yaliharibika tulipopanda boti. Tuliketishwa chumba cha chini, nyuma ya vioo vilivyoakisi taa za meza zetu, hivi kwamba picha niliyopiga tulipolipita Bunge inaonyesha paji la uso wangu na glasi ya mvinyo. Sitaha ya juu ilikuwa ya waliolipa zaidi, jambo ambalo hatukuambiwa tulipokata tiketi. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba tulipita jozi 60 za viatu vya chuma vilivyowekwa ukingoni mwaka 2005 kama kumbukumbu, mahali ambapo wanamgambo wa chama cha kifashisti cha Msalaba wa Mishale waliwavua Wayahudi viatu na kuwapiga risasi waangukie mtoni, muziki wa dansi ukiendelea na spika isitamke neno.

Kesho yake nilivifuata viatu hivyo kwa miguu. Kimoja ni cha mtoto, na mtu alikuwa ametia ndani yake ua lililokwisha nyauka. Kisha nikapanda tramu ya namba 2 kutoka Jászai Mari tér kuelekea kusini, nikakaa upande wa kulia, na baada ya kulipita Bunge mto ukafunguka dirishani pamoja na kasri, madaraja na kilima cha Gellért, kwa tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini. Tiketi ya karatasi sharti igongwe kwenye mashine, kwa maana wakaguzi hawasikilizi udhuru wa mgeni. Anayetaka kuliona Bunge kwa mbele avuke kwa metro kituo kimoja tu, kutoka Kossuth Lajos tér hadi Batthyány tér, asimame ukingoni.

Baa za magofu ziko Erzsébetváros, mtaa wa zamani wa Wayahudi uliogeuzwa geto, yaani eneo la kuwafungia Wayahudi, mwaka 1944, ambao majumba yake mengi yalichakaa kwa miongo kadhaa kabla ya vijana kuanza kuweka viti na vinywaji katika nyua zake. Sisi tulifungwa utepe mkononi, tukasukumwa kutoka mlango hadi mlango kwa glasi ndogo za pálinka, pombe kali ya matunda, katikati ya makundi ya vijana waliokuja kumuaga mwenzao ukapera. Niliporudi peke yangu mapema jioni katika mojawapo ya baa hizo, Szimpla Kert, palikuwa mahali tofauti kabisa: niliketi katika hodhi la kuogea lililokatwa ubavu likafanywa kochi, karibu na gari la Trabant lililogeuzwa meza, nikanywa fröccs, yaani mvinyo uliochanganywa na maji ya soda, na kusikia hata mazungumzo ya meza ya jirani.

Wakazi wa mtaa huo wamechoshwa na kelele. Mwaka 2018 ilipigwa kura ya maoni ya kutaka baa zifungwe saa sita usiku, lakini waliojitokeza hawakutosha. Anayetoka usiku wa manane, basi, apite kimyakimya hadi barabara kuu ya mzunguko, ambako tramu ya namba 6 hukesha hadi asubuhi.