Ndoana ya J au ya duara kwa papa wa ufukweni?

Mkivua papa ufukweni na watoto, amueni ndoana kabla ya chambo. Ya umbo la J inataka mkono mwepesi: samaki akigusa tu, vuta. Ukichelewa, ameshaimeza hadi tumboni, na kuitoa huko kunaweza kumuua. Ya duara, ncha yake imepinda kuelekea shina, yaani sehemu yake ndefu inayofungwa mshipi. Samaki akiimeza, mara nyingi hurudi ikiteleza hadi ikanasa pembeni mwa mdomo. Mtoto hahitaji kushtua mshipi: ausubiri ukaze, kisha auvute taratibu kwa kuuzungusha kwenye gurudumu lake (kumzuia asivute kwa pupa ndiyo kazi yenyewe!). Kuitoa ni kazi ya mtu mzima mwenye koleo ndefu, matamvua ya papa yakiwa bado majini. J inashinda kwa jambo moja: chambo kikubwa hakizibi ncha yake kirahisi. Kwangu haitoshi.