Simu ya Kumnunulia Mzazi Mzee: Vifaa Vitano kwa Mpangilio wa Ubora, na Programu za Kuanzia

Anayetaka kumnunulia mama, baba au bibi yake simu huuliza kwanza ni ipi iliyo rahisi kutumia, na akifika dukani au kwenye tovuti ya mauzo huonyeshwa vifaa vyenye vitufe vikubwa na uwezo mdogo. Swali hilo ni la haki, ila linaacha jambo kubwa nje. Mzee anaihitaji simu ili azione sura za wajukuu, akumbushwe saa ya dawa, asome maandishi madogo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa hiyo hiyo, na, kadiri safari za madukani zinavyomchosha, anunue mahitaji yake mtandaoni pasipo kumsubiri mtu wa kumpeleka. Kwa hiyo nimevipanga vifaa kwa kipimo kimoja: ni kipi kitakachomwezesha mzee kujihudumia mwenyewe, kwa usalama, na kwa miaka mingapi.

Tuanze na mwili wa mtumiaji, kwa sababu ndio unaopaswa kuamua. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake na kusoma kitu kilicho karibu huwa kazi. Ndiyo maana ukubwa wa kioo na mwangaza wake vina uzito kuliko idadi ya kamera zinazotangazwa. Masikio nayo hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo mlio mwembamba anaousikia kijana vizuri unaweza usimfikie mzee aliye katika chumba hicho hicho, ilhali mlio mzito ukamwamsha. Vidole ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Nilimwona mama yangu akiigusa alama ya kijani ya kupokea simu mara nne mfululizo, simu ikiendelea kuita hadi ikakatika, nami nikadhani amekosea mahali pa kugusa. Hakuwa amekosea. Kioo cha simu janja hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme inayopita kwenye ngozi, na ngozi iliyokauka kwa umri huipitisha kwa shida. Alipogusa kitambaa chenye unyevu kidogo, simu iliyofuata ilipokelewa kwa mguso mmoja. Shida nyingine ni kidole kukawia: mzee hugusa na kubaki amegusa, simu ikadhani anataka kuhamisha alama, na ghafla programu hazipo mahali alipozizoea. Mipangilio ya ufikivu ya Android na ya iPhone ina sehemu ya kurefusha muda wa mguso, na kuirekebisha huchukua dakika moja.

Nafasi ya kwanza: simu janja ya kawaida ya daraja la kati

Hili ndilo chaguo langu kwa wazee walio wengi. Simu yenye kioo cha inchi 6.5 au zaidi, kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 6, nafasi ya kuhifadhia ya GB 128 na betri ya mAh 5000 hutosheleza kila kazi niliyoitaja hapo juu, na kesho mzee akitaka kujifunza jambo jipya simu haitamkwamisha. Wasiwasi wa kwamba simu janja ina mambo mengi mno una dawa ndani ya simu yenyewe. Simu za Samsung zina hali rahisi, ambayo hukuza alama na maandishi na kupunguza vinavyoonekana kwenye ukurasa wa mwanzo. Apple nayo iliongeza mwaka 2023, pamoja na iOS 17, toleo la mfumo wa iPhone, hali ya usaidizi inayobakiza programu chache tu zenye vitufe vikubwa. Mzee akishazoea, hali hizo huondolewa na simu hubaki ile ile, faida ambayo simu iliyoundwa kuwa ndogo ya uwezo haiwezi kuitoa.

Kinachopaswa kuchunguzwa kuliko vyote ni muda wa masasisho ya usalama, kwa sababu simu iliyoacha kusasishwa ndiyo isiyofaa kuwekewa programu ya benki. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, na hata Galaxy A16, ambayo ni ya bei ya chini, ilitoka na ahadi ya miaka sita. Kwa kijana anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili ahadi hizi hazimhusu sana. Kwa mzee aliyekwisha kuzoea mahali pa kila alama na asiyetaka kufundishwa upya, zinatosha kuwa sababu ya kuiacha simu nyingine yenye kamera nzuri zaidi. Ikumbukwe kwamba hesabu ya miaka huanza siku aina hiyo ya simu ilipotoka sokoni. Iliyokaa ghalani miaka miwili imekwisha kuipoteza miwili hiyo kabla hujaifungua boksi.

Sharti langu jingine linahusu familia. Nunua simu ya mfumo ule ule anaoutumia yule atakayeulizwa maswali. Mjukuu mwenye Android hawezi kumwelekeza babu yake mwenye iPhone kwa njia ya simu, maana yeye mwenyewe hajui kitufe kiko wapi, na baada ya majaribio matatu ya aina hiyo mzee huanza kuona aibu kuuliza. Ikiwa mzee anatumia vifaa vya kusaidia kusikia, thibitisha kabla ya kulipa kwamba vinaungana na simu hiyo moja kwa moja. iPhone zimeruhusu hilo kwa vifaa vinavyooana nazo tangu 2013 na Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, lakini si kila kifaa huungana na kila simu.

Nafasi ya pili: kishikwambi (tablet)

Kwa mzee anayekaa nyumbani muda mwingi na mwenye mtandao wa Wi-Fi, kishikwambi cha inchi 10 au 11 kinaweza kuipita simu. Picha ya bidhaa huonekana kwa ukubwa unaofaa, maelezo yake husomeka bila kusogezwa huku na huku, na katika mazungumzo ya video uso wa mtoto aliye mbali hujaa mbele yake. Nimekiweka nafasi ya pili kwa sababu ya uzito wake, ambao ni karibu gramu 500 wakati simu nyingi huwa na gramu 200 hivi. Mikono yenye baridi yabisi haiwezi kukishika kwa muda, kwa hiyo kinunuliwe pamoja na kava lenye kisimamio. Pia hakitakuwa mfukoni siku mzee anapoanguka bafuni au anapopotea njia.

Nafasi ya tatu: simu ya daraja la juu iliyokarabatiwa

Hapa kuna faida ya kweli kwa mwenye subira. Simu iliyokuwa ghali miaka miwili iliyopita huwa na kioo angavu na spika safi kuliko simu mpya ya bei hiyo hiyo. Inunuliwe tu kwa muuzaji anayetoa dhamana ya maandishi na muda wa kurejesha, na anayetaja hali ya betri kwa asilimia, kwa kuwa betri nyingi za lithiamu hushuka hadi karibu asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchajiwa. Ikifika, bonyeza *#06# na ulinganishe tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na zile zilizo kwenye risiti. Kisha hakikisha kwamba akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa, la sivyo siku itakaporejeshwa katika hali ya kiwandani itajifunga na kudai nywila ya mtu usiyemjua.

Nafasi ya nne: simu ya vitufe

Simu ya vitufe inayokunjwa ina mahali pake. Kampuni kama Doro ya Sweden hutengeneza simu za namna hii mahususi kwa wazee, zenye sauti kubwa na kitufe cha dharura mgongoni, na kwa mtu ambaye usahaulifu umemzidi au mikono yake inatetemeka sana naweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwa wengine inafunga milango mingi: hakuna video, na kununua mtandaoni ni shida au haiwezekani kabisa. Anayeinunua ahakikishe inapiga simu za sauti kupitia 4G, kwa kuwa mitandao ya zamani inazimwa nchi baada ya nchi. Nchini Marekani AT&T ilizima 3G Februari 2022 na Verizon ikafanya hivyo mwishoni mwa mwaka huo huo, na simu nzima kabisa zikawa hazifai kitu.

Nafasi ya mwisho: simu kuukuu ya mtoto

Haigharimu kitu, na ndiyo sababu huchaguliwa mara nyingi. Betri yake imechoka, masasisho yamekoma, kioo kina ufa unaomkata mzee kidole, na nafasi imejaa picha za mtu mwingine. Mzee anayeanza nayo hukwama kwa makosa ya simu na kuyahesabu kuwa yake. Sioni hali ambayo ningeipendekeza.

Siku ya kununua

Mzee awepo wakati wa kuagiza, hata kama pesa zinatoka kwako, kwa sababu ununuzi huo ndio somo lake la kwanza la duka la mtandaoni. Mwonyeshe jinsi ya kusoma maoni ya wanunuzi kwa kuanzia na yale ya nyota mbili na tatu, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye maelezo ya kina kuhusu kasoro. Mwonyeshe jina la muuzaji lilipo, maana tovuti kubwa nyingi huuza pia bidhaa za wauzaji wengine wasiohusiana nayo. Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti imewapotosha wengi: maana yake ni kwamba mawasiliano yamefumbwa yasisomwe na mtu mwingine njiani, na tapeli pia anaweza kuwa nayo. Palipo na uwezekano wa kulipa baada ya kupokea, mzee aanze na huo. Akilipa kwa kadi, iwe kadi yenye kiwango kidogo cha matumizi, iliyotengwa na akaunti inayopokea pensheni yake.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mzee aikariri: namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yangu haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni benki, hata akisema mwanangu amepata ajali. Mama aliwahi kupigiwa na kijana mwenye lugha ya adabu, aliyemwita mama tangu neno la kwanza, akamweleza kwamba mzigo wake umezuiliwa na unasubiri namba tu. Alikuwa kweli ana mzigo njiani, na ndiyo maana aliamini. Kilichomwokoa ni kwamba hakuwa na miwani, akasema apigiwe baadaye, na kabla ya hapo akaniuliza. Tangu hapo tumekubaliana kwamba habari yoyote ya mzigo ataitafuta mwenyewe ndani ya programu ya duka, na kamwe hataifuata kwenye kiungo kilichotumwa kwa ujumbe. Vivyo hivyo kwa yeyote anayemtaka asakinishe programu ya kuiongoza simu kutoka mbali.

Programu za kuanzia

Tano zinatosha mwezi wa kwanza. WhatsApp huja mbele kwa kuwa watu wake wote wamo humo, na iwekewe siku hiyo hiyo uthibitishaji wa hatua mbili, ambao ni namba ya siri yenye tarakimu sita. Ya pili ni kibodi ya Gboard, ambayo tangu 2017 huandika Kiswahili kinachotamkwa. Kwa vidole vinavyokosea herufi hii ni nafuu kubwa, na mzee anaweza kutafuta bidhaa kwa kuitamka. Ya tatu ni kikuzaji cha maandishi, ambacho iPhone huja nacho, na kwenye simu isiyo nacho kamera hufanya kazi hiyo hiyo. Asiyesikia vizuri aongezewe Live Transcribe ya Google, iliyotoka 2019, ambayo kwenye Android hugeuza maneno ya anayezungumza naye kuwa maandishi papo hapo. Asiyeona vizuri apewe Be My Eyes, iliyoanza 2015 kwa wazo la Mdenmaki Hans Jørgen Wiberg, ambayo humuunganisha bila malipo kwa video na mtu wa kujitolea wa kumsomea kilicho mbele ya kamera. Aelezwe tu kwamba kadi ya benki na barua za siri hazionyeshwi huko. Kwa dawa sijaona sababu ya kuanza na programu maalumu kama Medisafe, ingawa ni nzuri kwa mwenye dawa nyingi. Kengele ya kawaida yenye mlio mzito na jina la dawa inatosha, nayo hulia hata bando likiisha.

Baada ya wiki moja, muagize mzee anunue mwenyewe kitu kidogo anachokihitaji, ukiwa umekaa kando na mikono yako mapajani. Mzigo ukifika, afungue na kulinganisha na picha aliyoiona. Kisha, hata kama kitu kimempendeza, muonyeshe ukurasa wa kurejesha bidhaa, na umwache aufungue kwa kidole chake mwenyewe hadi mahali pa kujaza sababu.